Anza na Choo na Luku: Niliyojifunza Nikikarabati Vyumba vya Kupangisha Moshi

Karibu kila anayenijia kutaka ushauri wa nyumba za kupangisha huanza na dari ya jipsamu. Ananiuliza ni ya aina gani, taa za darini ziwe ngapi, vigae viwe vikubwa au vidogo. Mimi humuuliza kwanza maji ya chooni yanakwenda wapi. Wengi hawajui. Wameshaiona nyumba, wameshapatana bei, wengine wameshatoa hata advansi, na mfuniko wa shimo hawajaufunua. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya wapangaji watakaoishi humo, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba fedha za nyumba ndogo za kupangisha zinatoka kwenye mambo manne: bati lisilovuja, choo kisichojaa, maji yanayotoka, na luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ambayo kila mtu anajilipia mwenyewe. Jipsamu inakuja baadaye, kama inakuja.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Mtaji wangu wa kuanzia ulikuwa akiba ya mchezo (upatu) wa walimu wenzangu na mgao wa SACCOS, fedha ambazo zisingenunua hata kiwanja cha maana ndani ya manispaa. Nyumba ya kwanza niliyoikarabati haikuwa yangu. Ilikuwa ya shangazi yangu, Majengo, nyumba ya korido ya zamani yenye vyumba sita, choo na bafu uani, na mti wa mwembe katikati ya uwanja. Vyumba viwili vilikuwa vimefungwa kwa sababu bati lilikuwa limeoza na mvua ilikuwa inashuka kitandani. Vinne vilikuwa na wapangaji wa shilingi 30,000 kila kimoja. Shangazi alikuwa anapata 120,000 kwa mwezi, na nyumba ilikuwa inazidi kuchakaa kila masika.

Nilimwendea na pendekezo. Nitaikarabati kwa fedha zangu. Yeye ataendelea kupokea 120,000 yake kila mwezi bila kupungua hata senti, vyumba vijae visijae. Kinachozidi hapo ni changu kwa miaka mitano, kisha nyumba inarudi kwake na kila nilichokiweka. Alinyamaza kwanza, akanikaribisha chai, halafu akaniuliza swali moja: "Mwanangu, na hao kaka zako wa Dar wakija kusema umeninyang'anya nyumba?"

Swali hilo lina uzito kuliko saruji yote utakayonunua. Hapa kwetu nyumba ya mzazi haina mwenyewe mmoja kwenye mioyo ya watu, hata kama hati ina jina moja. Kwa hiyo tulisubiri Desemba. Anayeifahamu Kilimanjaro anajua Desemba ilivyo: barabara ya kutoka Dar inajaa, kila familia iko nyumbani, na mambo yanayohitaji sahihi za ndugu ndio mwezi wake. Tulikaa chini ya ule mwembe, binamu zangu wote wakasoma mkataba, wakasaini, na mwenyekiti wa mtaa akashuhudia. Wakili aliuandika vizuri na tukaulipia ushuru wa stempu, ambao kwa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Sijawahi kupigiwa simu ya lawama.

Naamini kabisa kwamba hii ndiyo njia ya mtu mwenye mshahara wa kawaida kuanza. Moshi na Arusha zimejaa nyumba za aina hii. Ukipita Majengo, Njoro, Kaloleni au Ngarenaro utaona vyumba vimefungwa kwa kufuli lenye kutu, mwenye nyumba ni mzee ambaye hana milioni sita za kupandisha bati jipya, na watoto wako mbali. Yeye anahitaji uhakika wa kile anachokipata sasa. Wewe una nguvu na akiba kidogo. Mkikubaliana kwa maandishi, wote mnafaidika, na unajifunza kazi bila kubeba deni la kiwanja.

Ukiamua kununua, basi karatasi ndio kazi ya kwanza. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue nyumba imeandikwa jina la nani na kama ina rehani. Kama aliyeandikwa ameshafariki, anayekuuzia lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na akuonyeshe karatasi yake. Maneno ya "sisi ndio watoto, tumekubaliana" hayatoshi. Kama ni nyumba ya wanandoa, mwenzi naye asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Uliza pia madeni ya kodi ya ardhi na bili za maji. Hayo utayakuta mlangoni siku ya kwanza.

Sasa nirudi kwenye nyumba yenyewe. Niende pole pole hapa, maana ndipo penye fedha.

Nyumba ikaguliwe Aprili. Masika yetu ni Machi hadi Mei, na ndani ya miezi hiyo nyumba haiwezi kukuficha kitu. Mji wa Moshi unateremka kutoka mlimani kwenda kusini, kwa hiyo maji yote ya juu yanatafuta njia ya chini. Ukishuka Pasua kuelekea Mabogini unakaribia mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, na huko ardhi inakaa na maji karibu mwaka mzima. Kuna nyumba nzuri sana upande huo, za bei nafuu, na Septemba utaipenda. Nenda Aprili uone kama shimo la choo linameza au linarudisha. Ukikuta wapangaji wameweka matofali ya kukanyagia kutoka mlangoni hadi chooni, umeshapata jibu na hukuhitaji kumuuliza mtu.

Fundi wangu ni mzee mmoja ambaye sote tunamwita Babu. Amejenga mji huu tangu ujana wake. Tulipoingia Majengo mara ya kwanza mimi nilikuwa naangalia kuta, rangi ilivyobanduka. Yeye alizunguka nje, akapiga magoti kwenye msingi, kisha akasema, "Mwalimu, nyumba hii haiumwi rangi." Ukutani kulikuwa na ufa umepanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha. Babu alinifundisha kwamba nyufa nyembamba zilizotawanyika kwenye lipu ni za lipu tu, zinazibika. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, unahusu msingi. Na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao uko sehemu nyingi za Moshi na Arusha, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ukiinua na kushusha nyumba kila mwaka.

Akachukua kipande chembamba cha kioo, akakigandisha kwa plasta katikati ya ufa, nusu huku nusu kule, akaandika tarehe kwa penseli. Tukakiacha masika yote. Kioo kikivunjika, ufa unatembea, na hapo hakuna rangi wala skimu (lipu laini ya kumalizia) itakayosaidia mpaka msingi ushughulikiwe. Chetu hakikuvunjika. Chanzo kilikuwa maji ya bati yaliyokuwa yanamwagika miguuni mwa ukuta kwa sababu nyumba haikuwa na mfereji wa paa. Tuliweka mfereji, tukachimba mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi, tukaziba ufa. Kazi yote hiyo ilikuwa ya bei ndogo kuliko dari ya jipsamu ya chumba kimoja.

Bati tulibadilisha upande mmoja tu, ule wa vyumba viwili vilivyofungwa. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zilikuwa za mbao ngumu za zamani, nzima kabisa isipokuwa papi chache (mbao za kupigilia bati) zilizoliwa na mchwa. Watu wana tabia ya kung'oa kila kitu cha zamani. Mimi nasema milango ya mninga na kenchi za zamani ziachwe, mbao za namna hiyo huzipati tena kwa bei ya kawaida. Lakini kuna kitu kimoja cha zamani ambacho hakiguswi hovyo: yale mapaa ya simenti yenye mawimbi kwenye baadhi ya nyumba zilizokuwa za mashirika na serikali. Mengi yake yana asbesto. Vumbi lake likivutwa linaleta magonjwa ya mapafu, ikiwemo saratani, miaka mingi baadaye. Yasikatwe kwa msumeno, yasitobolewe, yasivunjwe kwa nyundo na kijana asiyejikinga. Nimemzuia fundi mmoja kazini kwa jirani kwa sababu hiyo na nitafanya hivyo tena.

Choo. Kwenye nyumba ya vyumba sita, familia sita zinatumia choo kimoja alfajiri ile ile, watoto wanakwenda shule, watu wanakwenda kazini. Hapo ndipo ugomvi wa wapangaji unapozaliwa, na ugomvi ndio unaohamisha watu. Tulijenga vyoo viwili na bafu mbili, vyote na vigae hadi usawa wa bega, sakafu yenye mteremko wa kweli (Babu alimwaga ndoo ya maji na kusubiri aone yanakokwenda kabla hajamlipa fundi vigae), sinki za kuchuchumaa kwa sababu ndizo zinazosafishika kirahisi kwenye choo cha wengi, na bomba la hewa lililopanda juu ya paa. Halafu kitu ambacho wapangaji wenyewe waliniomba: taa na komeo la ndani. Mama mmoja aliniambia kwamba miaka yote alikuwa anakwenda chooni usiku na binti yake, mmoja ndani, mmoja nje akishika mlango. Komeo lilikuwa la shilingi elfu chache. Sijui nielezeje jinsi maneno yale yalivyoniingia. Tangu siku ile, kila nyumba ninayoikagua naingia chooni na kujifungia.

Kuhusu yanakokwenda: sehemu ya Moshi ina mtandao wa majitaka wa mamlaka ya maji, na nyumba iliyo karibu na bomba hilo ina thamani ambayo macho hayaioni. Ulizia ofisini kwao kabla ya kuchimba. Kama mtandao haufiki, chimba shimo la kutulia uchafu na shimo la kunyonya maji yaingie ardhini, kila moja na kazi yake, na uache njia ambayo gari la kunyonya majitaka linaweza kufika. Nimeona nyumba imezungushiwa ukuta mzuri, geti la kisasa, na mpira wa gari la majitaka hauwezi kulifikia shimo.

Maji Moshi tunashukuru, chemchemi za mlima zimetubeba. Wenzetu wa Arusha wana jambo la ziada: maji mengi ya visima chini ya Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, yale yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na yakizidi yanaharibu mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi. Mwenye nyumba Arusha anayechimba kisima na kutangaza "maji masaa 24" ayapime kwanza maabara, na kama floraidi imezidi, awaambie wapangaji wake waziwazi ni ya kufulia. Hilo ni deni la utu.

Sasa luku. Nyumba ya shangazi ilikuwa na mita moja kwa vyumba vyote. Kila umeme ukiisha, mchango. Huyu ana friji, yule ana taa moja na redio, na wote wanachanga sawa. Wenye nyumba wengi hutatua kwa kufunga mita ndogo ndani, kila chumba ya kwake. Zinasaidia kugawa, lakini hazipunguzi gharama, na sababu yake iko kwenye bei za TANESCO zenyewe. Mteja wa nyumbani anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, ikifika kama 122 pamoja na kodi na tozo. Mita inayozidi hapo kila mwezi inahamia kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, kama 356 ukiweka tozo zote. Chukua familia nne, kila moja inatumia uniti 30 tu. Kwenye mita moja hizo ni uniti 120, na watalipa karibu 42,700. Kila familia ikiwa na mita yake kwenye kundi la matumizi madogo, wote wanne kwa pamoja watalipa chini ya 15,000. Maskini wanne waliounganishwa kwenye mita moja wanalipa bei ya tajiri.

Kuunganishiwa umeme mjini, kwa njia moja, ndani ya umbali wa mita 30 bila kuhitaji nguzo, kulirudi kuwa shilingi 320,960 mwanzoni mwa 2022. Ni fedha, sikatai. Tuligawa vyumba sita kwenye mita tatu, vyumba viwili viwili, wapangaji wakajichagulia wa kushirikiana naye. Nilipoongeza kodi hakuna aliyenung'unika, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameona mwenyewe kiasi kilichobaki mfukoni mwake. Kazi ya waya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, maana bila mchoro na fomu yake hata ombi halipokelewi. Hakikisha na waya wa kwenda ardhini upo, uguse ardhi kweli.

Ukishakuwa na mita zaidi ya moja, angalia kodi ya majengo. Tangu Julai 2021 inakatwa kwenye luku, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba ni moja, kwa hiyo kodi ni moja. Kama inakatwa kwenye mita zote, peleka namba za mita kwa mamlaka inayoisimamia kodi hiyo warekebishe. Na kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji wakati kodi ni ya mwenye nyumba, mimi humpunguzia kwenye pango. Ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Ukimrudishia mtu bila yeye kudai, ataamini hesabu zako nyingine zote.

Mafundi nitawapitia haraka. Nunua vifaa mwenyewe, toa fedha ya ufundi kwa hatua iliyokamilika na si kwa siku, usilipe hatua ya pili kabla ya kuikagua ya kwanza mchana kweupe. Andika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari langu la nyumba ya Majengo lina hadi bei ya misumari.

Kilichonichukua muda kuelewa ni wapangaji, hasa kalenda yao. Vitabu vya biashara vinasema mpangaji mzuri ni yule anayelipa kwa wakati. Moshi inabidi ujue wakati wa nani. Vijana wengi wanaoishi Majengo na Pasua wanafanya kazi mlimani Kilimanjaro: wapagazi, wapishi, waongozaji. Fedha yao inakuja Juni hadi Oktoba, ikarudi tena kipindi cha Krismasi hadi mwanzoni mwa Machi. Aprili na Mei mlima una mvua, wageni ni wachache, na kijana yule yule aliyekulipa miezi sita kwa mkupuo mwezi Agosti hana kitu. Mwenye nyumba aliyempangisha Novemba kwa miezi sita, kodi inaisha mwishoni mwa Aprili, kisha anamwita mkorofi. Kijana si mkorofi. Tarehe ndiyo mbaya. Mimi mpangaji wa mlimani akija Novemba namwandikia mkataba wa kwanza wa miezi minne, uishe mwishoni mwa Februari akiwa bado na fedha. Anaulipia mwingine wa miezi sita unaovuka masika yote na kuisha mwishoni mwa Agosti, wageni wakiwa tele. Tangu nianze hivyo, kufukuzana kodi kumepungua kabisa.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika wana kalenda yao: wanaingia Oktoba au Novemba, wanaondoka Julai. Ukiwapangishia, hesabu mwaka wako kwa miezi tisa na ukarabati wa rangi ufanye Agosti. Boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, kila kitu kinachelewa, kwa hiyo kodi ni bora ijadiliwe na mzazi kwa simu tangu mwanzo. Watumishi wa hospitali ya KCMC na madaktari walioko mafunzoni wanataka utulivu, maji, na usalama wa kurudi usiku kutoka zamu, na wako tayari kulipia. Taa ya nje na geti linalofunguka bila kuamsha nyumba nzima ni vitu vikubwa kwao. Mwaka 2020 wageni walipokatika ghafla kwa sababu ya korona, wenye nyumba waliokuwa na wapangaji wa mlimani peke yao walibaki na vyumba vitupu. Waliokuwa wamechanganya, nesi huku, mpagazi huku, mshona nguo chumba cha mbele, walipita salama zaidi. Nami nachanganya kwa makusudi.

Kuhusu dalali: yupo, anasaidia, anachukua kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji mzuri hata hivyo huletwa na mpangaji mzuri. Mkataba uwe wa maandishi hata kwa chumba cha 50,000, na siku ya kuingia mpige picha kila kitu pamoja: vitasa, vioo, sinki. Mkishindwana, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kung'oa mlango wa mtu au kumfungia nje na vitu vyake ni unyama, na unaweza kukupeleka mahakamani. Taasisi au kampuni ikipanga nyumba yako, itakukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA. Dai cheti chake.

Hesabu zangu hizi hapa, nitaziweka wazi kwa sababu wengi wanaficha. Majengo nilitumia kama milioni sita na nusu. Vyumba sita vilipokamilika vilipangishwa kwa 50,000 kila kimoja, jumla 300,000. Shangazi anachukua 120,000 yake, kwangu inabaki 180,000. Kwa hesabu ya karatasini fedha yangu inarudi kwa kama miaka mitatu, na miaka miwili inayobaki ni faida. Ukitoa vyumba vinavyokaa wazi na matengenezo, ni zaidi kidogo ya mitatu. Sasa linganisha na kununua. Nyumba ya namna ile, ukiinunua kwa milioni 45 na kuikarabati kwa milioni 8, ikikupa hiyo hiyo 300,000, ni 3,600,000 kwa mwaka. Hiyo haifiki asilimia 7 ya ulichoweka. Mwaka 2022 hatifungani ya serikali ya miaka 25 (fedha unayoikopesha serikali kwa riba) ilikuwa inalipa asilimia 12.56, bila bati wala choo. Na ukikopa benki kwa asilimia 13 ili ununue kitu kinachozaa 7, mshahara wako ndio utakaolipa tofauti kila mwezi.

Sisemi watu wasinunue. Kodi ya chumba hupanda miaka inavyokwenda wakati riba ya hatifungani haibadiliki, kiwanja cha mjini kinapanda thamani, na Arusha tangu ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027 uanze kule Olmoti watu wamekuwa wakivizia viwanja vya pembeni kwa bei ambazo mimi zinanitia hofu. Ninachosisitiza ni kwamba hesabu ifanywe kabla, kwa kodi ambayo mtaa unalipa leo, sio ile unayoiota baada ya jipsamu. Nenda kaulize majirani watatu wanalipa ngapi. Mpangaji wa 50,000 hatakulipa 90,000 kwa sababu ya taa za darini. Atakulipa 60,000 kwa sababu ya choo, maji na mita yake, na atakaa miaka minne.

Kwa sasa kila mwaka kodi ya miezi miwili siigusi. Inakaa kwenye akaunti yake kwa ajili ya bati, tanki na shimo, na ifikapo Februari, kabla mvua hazijaanza, mimi na Babu tunapanda juu ya paa la Majengo kukagua misumari.